Kufunga na kutumia bunduki ya misumari ya upepo bila kuumia

Kijana anayekuja kujifunza useremala kwangu hapa Ipuli, Tabora, siku ya kwanza namfundisha kuchomoa mpira wa upepo kwenye bunduki ya misumari. Kuuchomeka atajifunza kesho yake. Nataka mkono wake uzoee kuchomoa kabla haujazoea kupiga, kwa sababu karibu kila ajali ya chombo hiki niliyoishuhudia ilimkuta mtu ambaye mkono wake ulikuwa karibu na mdomo wa bunduki, na upepo bado umo ndani.

Mimi mwenyewe nina kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilikuwa napigilia kona ya mzinga wa nyuki, ubao wa mninga, kidole hicho kimekamata ubavu wa ubao sentimita tano hivi kutoka pale nilipoweka mdomo wa bunduki. Msumari ulikutana na jicho la mbao, ukapinda humo humo ndani kama ndoana, ukatokea ubavuni na kuingia kidoleni. Maumivu hayakuja mara moja. Nilichogundua kwanza ni kwamba nataka kuondoa mkono na mkono hauondoki. Tangu hapo mkono wangu unaoshika ubao hukaa sentimita 30 kutoka kwenye msumari, urefu wa rula ya mwanafunzi. Kipande kikiwa kifupi kuliko hapo, nakifunga kwa klempu na mkono unakaa pembeni kabisa.

Marekani, ambako chombo hiki kimetumika kwa muda mrefu, hesabu za mwaka 2001 hadi 2005 zilionyesha watu wapatao 37,000 kila mwaka wakikimbizwa kwenye vitengo vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Zaidi ya nusu ya majeraha ya aina hii huwa ya mikono na vidole. Kwa fundi, vidole ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo soma hatua hizi taratibu, na usiruke zile zinazoonekana ndogo.

Hatua ya kwanza: jua unataka kupiga msumari gani

Watu hununua bunduki kwanza, halafu wakaanza kutafuta kazi ya kuifanyia. Anza na kazi. Bunduki ndogo inayouzwa kwa jina la F30 hupiga misumari myembamba isiyo na kichwa ya milimita 10 hadi 30. Hiyo inafaa kwa urembo wa dari, mgongo wa kabati na fremu za picha. F50 ni ya aina hiyo hiyo lakini inafika milimita 50. Kwa kreti, paleti na kazi nzito za ujenzi kuna bunduki zinazokula misumari iliyofungwa kwa waya na kukunjwa kama gurudumu. Ile ya ST64 ni ya misumari ya chuma kigumu inayoingia kwenye tofali na zege, na nakuomba usiiguse kabla hujakaa na hizo nyingine kwa muda.

Kazi yangu kubwa ni mizinga ya kisasa, kwa sababu Tabora ni nchi ya asali na wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Urambo wanaagiza mwaka mzima. Mbao ya inchi moja ikishapigwa randa hubaki na milimita 20 au 22. Msumari wa milimita 50 unapita ubao wa kwanza na kubakiza karibu milimita 28 ndani ya ule wa pili, na hapo kiungo kinashika. Tahadhari moja: msumari wa F50 hauna kichwa, hivyo peke yake hauwezi kuzuia ubao usivutike. Paka gundi ya mbao isiyoshindwa na maji, kisha piga misumari kwa kuilaza kidogo, mmoja ukielekea kulia na wa pili kushoto, ili ifungane ndani. Sakafu ya mzinga na sehemu zinazoshika waya wa kuning'inizia napiga misumari ya kawaida yenye kichwa, kwa nyundo. Mzinga uliojaa asali ni mzito, na siwezi kuukabidhi kwa misumari myembamba kiasi hicho. Kwa kuwa unakaa porini masika yote, chagua misumari iliyopakwa zinki.

Viunzi vya juu, vile vya upana wa milimita 32 ambavyo nyuki wetu hujengea masega, havihitaji msumari hata mmoja. Nasema hivi kwa sababu ukishapata bunduki utatamani kupigilia kila kitu.

Hatua ya pili: kompresa na umeme wake

Kompresa ndiyo mashine inayobana hewa na kuipeleka kwenye bunduki. Kwa bunduki moja ya F30 au F50, kompresa ya nguvu farasi mbili yenye mtungi wa lita 50 inatosha na kubaki. Hata ya lita 24 inafaa, ila itakuwa inawaka mara kwa mara. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana kompresa iliyosifiwa na fundi wa Dar es Salaam ikija hapa inachelewa kidogo kujaza. Haijaharibika. Ipe muda, na usiilazimishe kufanya kazi bila kupumzika.

Iweke mahali pa tambarare, futi moja au zaidi kutoka ukutani ili ipate hewa, na mbali na randa. Vumbi la mbao likiziba chujio, injini inapata moto. Angalia kioo cha mafuta kila asubuhi: mafuta yafike katikati ya alama nyekundu.

Kosa linalounguza kompresa nyingi mjini hapa ni waya mrefu mwembamba wa kuongezea umeme. Mota ya kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishachanganya. Waya mwembamba unakula nguvu njiani, mota inanguruma bila kuzunguka, na koili zinaungua. Kompresa ikae karibu na soketi. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya. Ukilazimika kabisa kutumia waya, uwe wa milimita 2.5 na uukunjue wote, kwa maana uliozungushwa kwenye kibiringi unapata joto.

Hatua ya tatu: mpira wa upepo na viungo vyake

Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye uzi wa kila kiungo, mizunguko mitatu au minne kufuata upande wa kukazia, kisha kaza kwa spana. Mpira uwe umeandikwa presha inayozidi kwa mbali ile ya kompresa. Mpira wa maji wa bustanini haufai hata kwa dakika moja.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Viungo vya kuchomeka ni viwili, dume na jike. Jike ndilo lenye valvu inayofunga upepo. Jike likae mwisho wa mpira, dume likae kwenye bunduki. Ukikosea ukaweka jike kwenye bunduki, siku utakayochomoa mpira, upepo utabaki umefungiwa ndani ya bunduki na itakuwa tayari kupiga msumari mmoja zaidi, wakati wewe unaamini imekufa. Likikaa dume, ukichomoa unasikia "pfuu" na bunduki inabaki tupu. Kagua hata bunduki uliyouziwa ikiwa imeshafungwa viungo. Nimewahi kukuta moja iliyofungwa kinyume, na mwenyewe alikuwa ameitumia hivyo tangu kuinunua.

Chanzo cha upepo ni kompresa basi. Karakana nyingi zimepakana na wachomeleaji, na umeme ukikatika kuna mtu ataangalia mtungi wa oksijeni wa jirani na kufikiri kwamba hewa ni hewa. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyomo ndani ya bunduki chini ya presha inalipuka, na bunduki inapasukia mkononi. Gesi nyingine za mitungi nazo ni hivyo hivyo, marufuku.

Hatua ya nne: jaribu ikiwa tupu

Kabla ya kujaza misumari, dondosha matone mawili hadi matano ya mafuta maalumu ya vifaa vya upepo kwenye tundu la kuingizia upepo. Usitumie oili ya injini ya gari, kwa sababu ina kemikali za kusafishia ambazo huharibu oringi, zile pete za mpira zinazozuia upepo kuvuja. Usiisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa.

Vaa miwani ya kinga sasa hivi, pamoja na kijana anayekushikia ubao. Ziba masikio pia, maana mlio wa bunduki hii unapita desibeli 100 na madhara yake hujikusanya polepole.

Shika bunduki mdomo ukitazama sakafu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, chomeka mpira. Bunduki nyingi zina mdomo wa usalama, kile kipande cha chuma kinachorudi ndani ukikigandamiza kwenye mbao. Bila misumari, fanya majaribio matatu. Vuta kifyatulio bila kugandamiza mdomo: isipige. Achia, gandamiza mdomo kwenye kipande cha mbao bila kuvuta kifyatulio: isipige. Gandamiza kwanza, kisha vuta: ipige mara moja tu. Ikishindwa jaribio lolote, chomoa mpira na uipeleke kutengenezwa. Usifunge mdomo wa usalama kwa waya au raba ili kuharakisha kazi. Nimeona wanaofanya hivyo wakiita ujuzi, na nikiona bunduki ya namna hiyo karakanani kwangu siku hiyo haifanyi kazi.

Baadhi ya F30 za bei ndogo hazina mdomo wa usalama kabisa, zina kifyatulio tu. Hizo hupiga msumari hewani ukivuta. Kama hujanunua bado, lipa zaidi upate yenye mdomo.

Namna ya kupiga nayo inatofautiana. Aina moja inadai ugandamize mdomo kwanza, kisha uvute kifyatulio, na kila msumari unarudia mpangilio huo. Aina nyingine inakuruhusu kushikilia kifyatulio na kugongesha mdomo tu, kila mguso msumari. Hiyo ya pili ina kasi, lakini uchunguzi uliofanywa kwa mafundi ujenzi Marekani umeonyesha hatari yake ya kuumiza ni takriban mara mbili ya ile ya kwanza. Bunduki inaruka kidogo ikipiga, ikirudi chini inagusa tena, na msumari wa pili unatoka bila wewe kuutaka. Wanafunzi wangu wote wanatumia ile ya kwanza. Mimi pia.

Hatua ya tano: jaza na upime presha

Chomoa mpira, jaza misumari, funga kasha lake, kisha chomeka tena, mdomo ukiwa chini. Anza na presha ya psi 70, karibu baa 5, kwenye geji ya regyuleta, kile kifaa cha kurekebisha presha inayokwenda kwenye bunduki. Usichanganye na geji ya mtungi, ambayo inaweza kusoma 115 huku bunduki ikipata 70. Piga msumari kwenye kipande cha mbao ile ile utakayofanyia kazi. Ukibaki umechomoza, panda kwa psi 5 na ujaribu tena, mpaka uzame kidogo tu chini ya uso wa mbao. Paini ya Mufindi utaimaliza na 70 au 75. Mninga mkavu wa kiangazi unaweza kudai 90 au 95. Usipite kikomo kilichoandikwa kwenye bunduki yako, na soma kweli, maana zinatofautiana.

Misumari kumi ya mwanzo baada ya kutia mafuta ipige kwenye mabaki. Upepo unaotoka kwenye tundu la kupumulia hubeba ukungu wa mafuta na kuacha madoa. Kwa mzinga jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu nyuki hawapendi kuhamia kwenye harufu kali.

Hatua ya sita: kupiga

Simama pembeni ya mstari wa msumari, usiinamishe uso juu ya bunduki. Gandamiza mdomo hadi ukae sawasawa, vuta, achia kifyatulio, ndipo uinue. Ukihama kutoka kona moja kwenda nyingine, hata hatua mbili, kidole kitoke kwenye kifyatulio. Anayekushikia ubao asikae nyuma ya ubao huo.

Ubao usome kabla ya kuupiga. Pitisha kiganja uone majicho yako wapi, maana kuzunguka jicho nyuzi zinajikunja na msumari unafuata nyuzi. Piga sentimita tatu au nne kutoka kwenye jicho. Karibu sana na ncha ya ubao mbao itapasuka. Na usirudie pale ambapo tayari kuna msumari, kwa sababu chuma kikigonga chuma, msumari wa pili unaruka upande wowote.

Juu ya ngazi au kwenye kenchi za paa, hesabu kabla ya kupanda kama mkono mmoja utabaki huru kushika. Usipobaki, tumia nyundo. Usishuke na bunduki ikining'inia kwa mpira wake.

Ikikwama

Chomoa mpira. Sikiliza ule mlio wa "pfuu". Ondoa misumari yote kwenye kasha, kisha fungua mdomo na utoe uliopinda kwa koleo. Sababu kubwa huwa ni misumari ya unene usiolingana na bunduki, au kifurushi kilichopata kutu kwa kuachwa wazi wakati wa mvua. Kama upepo unavuja mfululizo kwenye kifyatulio au kichwani, oringi imechoka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Hili tunalijua sote. Taa inazimika, kompresa inanyamaza, vijana wanaweka vitu chini na kuanza mazungumzo. Wakati huo mtungi bado umejaa, na bunduki iliyolazwa benchini ina uwezo wa kupiga misumari mingi kabla presha haijaisha. Ukimya wa kompresa umewadanganya wengi. Kwa hiyo mpira unachomolewa kwanza, maongezi baadaye.

Kisha bonyeza chini kile kitufe chekundu juu ya boksi la swichi ya kompresa. Utasikia upepo ukipumua kidogo: ni ule uliokuwa umebanwa kwenye kichwa cha pampu. Usipofanya hivyo, umeme ukirudi, mota itajaribu kuanza huku pistoni ikisukumana na upepo uliobanwa. Itanguruma, haitazunguka, na inaweza kuungua hapo hapo wakati wewe uko nje. Umeme ukirudi, subiri utulie dakika chache, ndipo uvute kitufe juu. Zima kwa kitufe hicho kila siku pia; usizoee kuzimia kwenye soketi.

Kufunga kazi jioni

Zima kompresa, chomoa bunduki, toa misumari. Fungua koki iliyo chini ya mtungi na uache upepo wote utoke pamoja na maji. Ndiyo, maji: hewa ikibanwa inaachia unyevu wake, na masika utaona yanatoka ya rangi ya kutu kama chai nyepesi. Yakilala humo mtungi unalika kwa ndani ambako huoni, na mtungi uliolika hupasuka ukiwa umejaa. Mara kwa mara, ukiwa na presha ndani, vuta ile pete ya valvu ya usalama uhakikishe inapumua. Usiibadilishe kwa boliti ikivuja; nunua nyingine. Mtungi wenye kutu iliyochimba au uliowahi kuchomelewa kiraka haufai tena. Ukiwa na waajiriwa, mtungi huo ni miongoni mwa vitu ambavyo wakaguzi wa OSHA hupima chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakija wakaribishe.

Mtu akipigwa msumari

Chomoa mpira kwanza, hata kama anapiga kelele, ili bunduki isimpige mtu wa pili. Keti naye chini. Usiung'oe msumari. Misumari mingi ya bunduki hupakwa gundi inayoifanya ing'ang'anie, na mara nyingine huingia na kipande cha waya au karatasi iliyokuwa imeishika kwenye safu. Ukiuvuta unararua mishipa ambayo daktari angeweza kuiokoa, na damu ambayo msumari ulikuwa umeizuia inaachiliwa. Zungushia kitambaa safi pembeni ya msumari ili usicheze, inua mkono, mpeleke hospitali. Sisi wa mjini tunakwenda Kitete.

Tundu linaweza kuonekana dogo kama la sindano. Mpeleke hata hivyo, maana mfupa au kano huenda vimeguswa, na atahitaji kuangaliwa kama chanjo yake ya pepopunda bado inamlinda. Kama kipande cha mbao kimeshikana na mkono, kikate pande zote kwa msumeno wa mkono, taratibu, aende nacho. Mimi nilikatiwa kipande changu na kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiniambia, "Tulia fundi, usitazame, tazama mlangoni." Na kabla hamjaondoka, chukueni msumari mmoja mzima kutoka kwenye boksi lile lile muende nao, daktari aone urefu na umbo la kitu anachokwenda kukitoa.